Siku Tuliyokata Mshipi Rubondo

Akina mama wenzangu, sisi wa Katoro tumezoea vumbi kuliko maji. Mji wetu ni wa biashara na dhahabu: pikipiki tangu alfajiri, na wanaume wanaorudi kutoka maduarani wakiwa weupe kwa unga wa mawe. Ziwa Victoria haliko mbali, lakini wengi wetu hulifahamu kwa dagaa na vipande vya sangara sokoni. Kwa hiyo mume wangu aliposema kwamba miaka 20 ya ndoa yetu tuiadhimishe kwa kukodi mashua na kuvua sangara kwa fimbo kisiwani Rubondo, nilicheka. Mimi nilikuwa nimefikiria kitenge.

Tuliondoka mwezi Agosti, kabla ya jua kuchomoza, tukapita Buseresere na Muganza hadi bandari ndogo ya Kasenda. Rubondo imekuwa hifadhi ya taifa tangu 1977. Kina mama wanaodhani hifadhi ni simba tu wangeshangaa. Hapo kuna nzohe, yule swala wa majini, na sokwe ambao mababu zao waliletwa kutoka Ulaya kati ya 1966 na 1969. Walikuwa 17, waliozoea kulishwa na binadamu, wakaachiwa msituni wajitafutie. Niliwawaza sana hao. Nyavu na makokoro haviruhusiwi katika maji ya hifadhi. Mgeni huvua kwa fimbo, tena baada ya kulipia kibali.

Na huyo sangara mwenyewe ni mgeni. Aliletwa katika ziwa letu miaka ya 1950 na 1960, akawala furu hadi aina nyingi zikatoweka. Leo minofu yake hupanda ndege kwenda nje, mabondo yake huuzwa kwa bei ya kutisha, na mapanki hubaki kwetu. Kliniki, mama akiniuliza ampikie nini mtoto aliyepungua uzito, mara nyingi nimemtajia dagaa. Ni rahisi zaidi na huliwa mzima pamoja na mifupa.

Nirudi kwenye mashua. Nahodha alikuwa kijana ambaye ningeweza kumzaa. Kabla injini haijawaka alituvalisha majaketi ya kujiokolea, nami kwa tabia ya kazi yangu nikakagua mikanda ya mume wangu mara mbili. Alinung'unika, nikamwacha anung'unike. Nilikuwa naikumbuka MV Bukoba ya 1996, na MV Nyerere iliyozama karibu na Ukara mwaka 2018.

Uvuvi wenyewe ni wa subira. Fimbo mbili husimamishwa nyuma, moja kila upande ili mishipi isisokotane. Chambo ni samaki wa bandia mwenye ndoano, naye hukokotwa mbali nyuma ya mashua inayokwenda polepole, kandokando ya miamba anakojificha sangara. Tulizunguka hivyo saa nzima chini ya kisiwa, mahali palipokingwa. Tai mla samaki alilia juu ya mti. Mume wangu, ambaye nyumbani hakai dakika 10 bila simu, alikuwa ametulia kama mtu aliye kanisani. Nilifurahi kwamba sikung'ang'ania kitenge.

Tulipoipita ncha ya kisiwa, upepo wa kusini-mashariki ukatupokea. Ziwa letu ni kubwa lakini si la kina kirefu, takriban mita 80 panapozidi, na upepo ukilishika mawimbi huinuka upesi, mafupi, yamefuatana. Kofia yangu ikaenda. Nahodha akasema, "Baba, tukunje mishipi, turudi." Wakati huohuo fimbo ya kushoto ikapinda na mshipi ukaanza kulia.

Hapa ndipo nilipoelewa jambo ambalo sikulijua. Ili kumvuta samaki mkubwa, mashua lazima isimamishwe, na ikisimama huuelekeza ubavu wake kwenye mawimbi. Tayari maji yalikuwa yanaingia miguuni. Mume wangu akashikilia fimbo kwa mikono miwili. "Dakika tano tu, kijana!" Nahodha akamjibu kwa heshima kwamba hana dakika tano za kumpa, kisha akanitazama mimi.

Sikumpigia mume wangu kelele. Katika miaka 20 nimejifunza kwamba kelele humfanya akaze zaidi. Nilimshika bega nikamwambia sikioni, "Baba watoto, nimewapokea wengi walioletwa kutoka ziwani. Nisikupokee na wewe." Alinitazama kwa muda ambao ulionekana mrefu. Kisha akasema, "Kata."

Kisu kikapita. Nahodha akaongeza moto, pua ya mashua ikageukia mawimbi, tukarudi nyuma ya kisiwa tukiwa tumelowa hadi mifupani. Nilikuwa nikisali kimyakimya kwa Yule aliyelala shetrini wakati wanafunzi wake wanatetemeka. Mume wangu hakusema neno mpaka tulipokanyaga mchanga. Hapo akamshika kijana mkono akasema, "Asante, mwanangu."

Jioni, tukiwa njiani kurudi nyumbani, tulisimama sokoni Katoro nikanunua kipande cha sangara. Muuzaji, tunayefahamiana, alikuwa amesikia safari yetu. "Mama, mmetoka ziwani mnakuja kununua kwangu?"

Mume wangu akajibu kabla yangu: "Wa kwetu tumemwachia na chambo. Tupimie kilo mbili, watoto wanasubiri."