Subaru ya ami ina thamani gani?

Wadau, ukishajulikana kwenye ukoo kuwa wewe ni mwandishi wa habari basi umekwisha! Unaulizwa kila kitu: siasa, viza ya Oman, dawa ya presha... Safari hii nimeulizwa bei ya gari.

Ami yangu wa Vitongoji, mashariki ya Chake Chake, anauza Subaru Impreza yake ya mwaka 2002. Ina turbo, na nyuma imebandikwa nembo ya STI. Binti yake amepata chuo Dar na ada inangojewa. Ami anataka milioni 20. "Wewe wa mjini mwanangu, hebu nitilie bei." Basi wikiendi nikaenda Pemba.

Nilianza na nembo, maana ndiyo yenye pesa. Kwa Impreza za kizazi kile, namba ya chesisi ikianza na GDB hiyo ni STI. Ikianza na GDA ni WRX ya kawaida. Zote zina injini ya EJ20 ya lita 2, lakini STI ina gia sita. Nembo inauzwa dukani, chesisi haibandikwi. Nikafungua boneti, nikasoma: GDA. Nikahesabu gia: tano. Ami alilinunua kwa mtu Unguja kwa bei ya STI. Maskini ya Mungu.

Pili, kutu. Vitongoji bahari iko jirani na upepo wake una chumvi. Usiangalie rangi inavyong'aa, inama! Pitisha mkono kwenye matao ya magurudumu ya nyuma na chini ya milango. Hapa kutu imeanza, ila bado haijatoboa.

Tatu, matunzo. Mkanda wa taimingi wa injini hii hubadilishwa kila baada ya kilomita kama 100,000. Ukikatika, valvu zinagongana na pistoni, na injini ndiyo kwaheri. Dashibodi inasoma 118,000 na risiti ya mkanda hakuna. Mnunuzi mwenye akili atakata gharama hiyo hapo hapo.

Lakini lipo jema. Gari halijachokonolewa. Turbo ya kiwandani, ekzosi ya kiwandani, na likiwashwa asubuhi halitoi moshi wa buluu. Ami alikuwa anaona haya kuwa hana madoido kama vijana. Nikamwambia, ami, kwenye magari ya mbio yaliyozeeka huo ndio utajiri wenyewe! Lililochezewa hujui limeteswa vipi.

Sasa nani anunue? Pemba watu wengi wanataka gari la kubeba familia na lisilokunywa petroli. Ni kweli Colin McRae alishinda Safari Rally mwaka 1997 na Impreza, na vijana bado wanalihusudu jina hilo. Jina linaleta watazamaji, wanunuzi ni wachache. Wa Dar naye atahesabu nauli ya meli, halafu usajili na ushuru wa kulihamishia bara.

Nikamwambia: milioni 11, ukibahatika 12. Akanyamaza. Kisha akasema, "Yupo kijana wa Wete ananipa 17."

Kwa nini 17? Kwa sababu ya nembo, wadau! Kijana anaamini ni STI, kama ami alivyoamini. Na ile milioni 5 ya juu ndiyo ingemweka binamu yangu chuoni bila mtu kukopa. Mimi nilisema aambiwe ukweli, lakini ni rahisi kusema hivyo wakati ada hulipi wewe.

Ami alipiga simu baada ya alasiri. "Kisiwa hiki kidogo, mwanangu. Nitasali naye safu moja." Akamweleza kila kitu, chesisi, mkanda na kutu. Kijana akashuka mpaka 12, akaomba wiki moja ajifikirie. Ada ya mwaka wa kwanza itapatikana akilichukua. Ya mwaka wa pili inangoja karafuu.

Shangazi hajafurahi. Anasema ningebaki zangu Dar, ami angepata 17 na hakuna ambaye angekuwa amedanganya kwa makusudi. Nimelifikiria sana hilo, na bado naona gari linaloficha namba yake lingerudi kwetu kwa njia nyingine.

Nyie wenzangu mngemshauri nini?