Dawa ya Siku Njema

Mtoto akibanwa na pumu usiku, nyumba nzima huamka. Bibi anasoma Yasini, baba anatafuta ufunguo wa vespa, mimi nimemkalisha wima. Usiku hauna ubishi. Mtihani wetu hapa Ng'ambo ulikuwa mchana, siku ambazo mtoto anakimbia uani na hakuna anayekumbuka kwamba anaumwa.

Binti yangu alianza akiwa na miaka minne, masika, kuta za chumba zimeota kuvu hadi usawa wa kitanda. Kikohozi cha alfajiri, kifua kinapiga mluzi, mbavu zinabonyea kila akivuta pumzi. Mara mbili tuliambiwa ni nimonia. Daktari aliyefuata akauliza kama kuna mwenye pumu ya ngozi katika ukoo. Yupo, baba yake. Tukarudi na pampu mbili. Ya buluu hulegeza misuli iliyobana njia za hewa, na nafuu huonekana baada ya dakika chache. Ya kahawia hutuliza uvimbe ndani ya njia hizo. Ni ya asubuhi na jioni, awe anaumwa au mzima, na faida yake huja polepole, kwa wiki.

Ya buluu haikuhitaji wakili. Ya kahawia ndiyo iliyoleta kesi. "Mwanangu, mtoto mzima huyu, wampa dawa ya nini?" mama mkwe aliniuliza. Mtaani husemwa kwamba ukiishika pampu huiachi mpaka kaburini. Nilimweleza nilivyoelezwa: dawa ya kuvuta ni kidogo mno na inakwenda kifuani moja kwa moja, wakati kidonge huzunguka mwili mzima. Hakuridhika. Ila dawa hii ikibaki kinywani huweza kuleta utando mweupe, kwa hiyo mtoto lazima asukutue na kutema kila baada ya kuivuta. Nikamwomba kazi hiyo aishike yeye. Tangu hapo nikisahau mimi, hasahau yeye: "Njoo mke mwenzangu, usukutue!"

Kile chombo cha kuwekwa kati ya pampu na mdomo, ili dawa isiishie kooni, dukani kilikuwa ghali kwetu. Muuguzi akatufundisha kukitengeneza kwa chupa ya maji ya nusu lita. Waya wa moto hutoboa kitako cha chupa kwa umbo la mdomo wa pampu, pampu inaingia ikiwa imebana, pembeni panazibwa kwa gundi. Mtoto anavutia kwenye mdomo wa chupa. Haikuwa ujanja wa mtaani tu: Heather Zar na wenzake wa Cape Town waliipima chupa ya namna hiyo, na matokeo yao ya mwaka 1999 yalionesha kwamba ikizibwa vizuri inafanya kazi sawa na ya dukani. Yetu tunaiosha kwa maji ya sabuni na kuiacha ikauke yenyewe, bila kuifuta, maana ukiisugua kwa kitambaa dawa hunata kwenye kuta zake.

Moshi ulikuwa na siasa zaidi. Jiko la mkaa lilihamia uani, dawa ya mbu ya kuchoma tukaiacha, chandarua kikatosha. Lakini udi! Nani ataiambia nyumba ya Kiswahili isifukize siku ya Ijumaa? Tukaafikiana chetezo kiwashwe mtoto akiwa chuoni, madirisha wazi, na nguo zake zisifukizwe kabisa. Kwenye harusi tunakaa karibu na mlango. Asumini, namshukuru Mungu, hazijamdhuru.

Karatasi ya daktari imebandikwa kwenye kabati: abonyezwe mara ngapi, na lini tusingoje. Akishindwa kumaliza sentensi, midomo ikigeuka rangi, au pampu isipomshika, ni hospitali. Kuna usiku mmoja mluzi ulikatika ghafla na bibi akasema alhamdulillahi. Mimi nilitazama mbavu. Bado zilikuwa zinabonyea, na mtoto amelegea. Kifua kikinyamaza namna hiyo ni kwamba hewa haipiti hata ya kupigia mluzi. Tuliondoka na kanga za kulalia, pampu mkononi, tukimbonyezea njiani. Alikaa kwenye oksijeni na mashine ya mvuke hadi jua lilipopanda.

Sasa ana miaka tisa. Mwalimu wake wa skuli anajua pampu ya buluu iko mfuko gani wa mkoba, na mtoto huivuta kabla ya mbio, kama alivyoelekezwa. Kliniki iliyopita daktari alisema akiivuka masika salama, huenda akaanza kumpunguzia ile ya kahawia. Nilipoifikisha habari hiyo nyumbani, mama mkwe aliweka kikombe chini.

"Kumpunguzia? Mtoto mzima hivi, wampunguzia dawa ya nini?"