Kigari cha Maji cha Same

Anayeifahamu Same kwa dirisha la basi anaujua upepo wake, vumbi lake, na labda sahani ya wali aliyoila haraka haraka kabla dereva hajapiga honi. Kiu ya mji ule haijui. Mawingu yatokayo baharini humwaga mzigo wake upande wa mashariki wa milima ya Upare, kule Gonja na Mamba kwenye tangawizi na migomba, na kilele cha Shengena, mita 2,462, kinakaa ndani ya ukungu. Sisi tuliokuwa chini upande wa pili tuliyaona mawingu hayo wiki nzima na tone hatukulipata. Kule milimani wazee walichimba ndiva, mabwawa ya kukusanyia maji ya mfereji usiku ili mashamba yanyweshwe mchana. Mjini tulikuwa na madumu ya lita 20 na watu wa mikokoteni.

Mjomba wangu alikuwa mmoja wa watu hao. Mwaka 2011 nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nasubiri matokeo, nimehamia kwake ili nisionekane nakula bure nyumbani. Siku moja alikwenda mnadani Arusha kununua jokofu. Akarudi na fuso, na juu ya fuso kimefungwa kamba kigari cha umeme cha kubebea wachezaji wa gofu. Kimepauka, kiti kimechanika sifongo inaonekana, tairi mbili hazina upepo. Chini ya kiti mlikuwa na betri sita za volti 6, zimeunganishwa kufanya volti 36, vichwa vyake vimeota ukungu mweupe na wa kijani.

Chaja ilikuwemo kwenye orodha ya mnada lakini kwenye fuso haikuwemo. Majirani zetu Wachagga wana utani kwamba Mpare atauza ng'ombe agharamie kesi ya kuku, na sitasema ni uongo, kwa maana mjomba alikuwa ameshatenga nauli ya kurudi Arusha kushtaki. Mkaza mjomba ndiye aliyemwuliza kama ana fedha ya kesi, kwa nini hana fedha ya fundi.

Fundi akapatikana mtaa wa pili. Tulimwita Babu Reli. Alikuwa mzee wa Ugweno aliyetumikia shirika la reli ujana wake wote, akastaafu, na tangu hapo watu walimfahamu kwa kutengeneza redio na pasi. Reli ya kutoka Tanga, ambayo Wajerumani waliifikisha Moshi mwaka 1911, ilikuwa bado imelala pale Same na nyasi katikati yake, lakini treni za abiria zilikuwa zimekoma miaka mingi. Kazi ya babu ilikuwa taa za mabehewa. Chini ya kila behewa kulikuwa na dainamo iliyozungushwa kwa mkanda kutoka kwenye ekseli, ikichaji betri ili taa zisizimike treni inaposimama. Maana yake mzee huyu alikuwa ameishi miaka mingi na betri za asidi, kaboni na mota za umeme wa moja kwa moja, ujuzi ambao mafundi wa mjini, waliozoea nyaya za nyumba na magari, hawakuwa nao. Alikizunguka kigari bila kusema, akainua kiti, akanusa. Kisha akamwambia mjomba, "Hili ni behewa bila reli. Leta magadi."

Magadi yalitoka jikoni, yale yale ya kulainishia makande. Aliyakoroga kwenye maji ya moto akamimina juu ya vichwa vya betri, na povu likafura likichemka kwa sauti, magadi yakila asidi iliyovuja. Akasuuza, akafungua vifuniko, akaongeza maji ya betri, kisha akaanza kupima chumba kimoja kimoja kwa kipimio cha kioo chenye kielea. Chumba kilichojaa chaji husoma karibu 1.265. Vya kwetu vingi havikufika hata 1.15 baada ya kuchajiwa usiku kucha, na betri mbili zilikuwa zimekufa kabisa.

Kwenye mota ndiko nilikojifunza kukaa kimya. Aliifungua juu ya gunia, akatoa mhimili wenye pete ya vipande vya shaba mahali kaboni zinapogusa. Pete ilikuwa nyeusi. Nilimpa msasa wa chuma akaurudisha bila kuniangalia. Chembe zake hupitisha umeme, alisema, zikibaki katikati ya shaba zitaunganisha visivyotakiwa kuungana. Akatumia msasa laini wa mbao hadi shaba ikarudi rangi ya kahawia. Kisha akachukua kipande cha msumeno wa chuma kilichovunjika, alichokuwa amekisaga ubavu mpaka kikawa chembamba, akaanza kuchimba mika iliyo kati ya vipande vile, mfereji mmoja mmoja, kina kama cha nusu milimita. Mika ikichomoza kuliko shaba, kaboni hurukaruka na kutoa cheche. Kazi hiyo ilichukua asubuhi nzima na hakuna aliyemharakisha. Kaboni zenyewe zilikuwa zimekwisha, na za aina ile Same hazipo, hivyo akapiga tupa kaboni za stata ya lori mpaka zikaingia kwenye nafasi yake. Wazee wa Kishana kule Ugweno walifua majembe na kuwauzia Wachagga kabla Mjerumani hajafika. Babu alidai yeye ni wa ukoo huo. Sikuwahi kuthibitisha, ila alishika tupa kama mtu anayedai urithi.

Kazi ilikwenda polepole kwa sababu nyingine pia. Mjomba ni Mwislamu, Ijumaa mchana kazi ilisimama. Babu ni Msabato, na jua la Ijumaa likizama hashiki spana mpaka la Jumamosi lizame. Jumapili tuligonga vyuma kutwa, Walutheri wakipita kwenda ibadani na kututazama kwa huruma.

Kilipoendeshwa mara ya kwanza, watoto walikimbia nyuma yake na mwanamke mmoja akauliza linasukumwa na nani. Hakuna mlio, gari linakuja tu. Lakini tulipokipakia madumu 15, yaani kilo 300, tukaingia korongo lenye mchanga, tukaona ubaya wa magari ya zamani ya aina ile. Mwendo wake ulidhibitiwa na risista, nyaya nene zilizosokotwa chini ya kiti. Ukikanyaga pedali nusu, umeme hupitia humo upunguzwe kabla ya kufika kwenye mota, na kinachopunguzwa kinageuka joto tupu. Katika mchanga ule nyaya ziliiva mpaka zikawa nyekundu. Dumu lililokuwa karibu likaanza kunywea upande mmoja na plastiki ikanuka. Babu, ambaye alikuwa akitembea kando yetu, alitushusha wote wawili na kuzimwagia nyaya mchanga.

Hapo ndipo mjomba alipokubali kutoa fedha ya maana. Risista zikatolewa, ikaagizwa Kariakoo kontrola ya kielektroniki, ambayo hukata na kuunga umeme maelfu ya mara kwa sekunde ili mota ipate kiasi inachohitaji bila kuchoma kilichobaki. Betri za volti 6 hazikupatikana, tukafunga N100 nne za volti 12, zikawa volti 48. Mwendo ukaongezeka kwa theluthi, na breki za nyuma za waya, ambazo zilitengenezwa kwa watu wawili na mifuko ya gofu, zikatutisha kwenye kila mteremko. Tukachomelea engo kurefusha nyuma, na juu tukaweka paneli nne za sola za wati 80, ambazo pia zilikuwa paa. Babu alinipigia hesabu kwa chaki ukutani: wati 320 kwa saa tano za jua kali ni 1,600, na betri zote zikijaa ni 4,800. Jua lingetupa theluthi moja, iliyobaki lazima itoke ukutani.

Na ukutani ndiko kulikokuwa na tabu. Ule ndio mwaka wa mgao mkubwa, maji ya bwawa la Mtera yamepungua mno, umeme unakatwa hata saa 12 kwa siku. Kigari kikageuka kituo cha kuchajia simu. Jioni za mpira, vijana walitaka kuunganisha televisheni kwenye betri moja kati ya zile nne, na babu alifukuza kila aliyekaribia na waya. Betri zikiwa zimefungwa mfululizo, alisema, ukimkamua ng'ombe mmoja tu kila siku, siku ya kulima hatavuta na wenzake. Nasikitika kusema walimkamua.

Si wao peke yao waliozimaliza. N100 ni betri ya kuwashia lori, imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache kisha ichajiwe mara moja. Ukiishusha mpaka chini kila siku, mabamba yake huchakaa upesi, na zetu hazikumaliza mwaka. Babu alikuwa ameonya tangu mwanzo, mjomba akachagua bei. Nairobi kampuni ya Opibus, ambayo sasa inaitwa Roam, ilipoanza mwaka 2017 kubadilisha magari ya dizeli kuwa ya umeme, ilikuta betri za lithiamu zinazovumilia kazi hiyo. Sisi tulikuwa mapema na hatukuwa na mtaji. Risasi ya betri ikauzwa kwa watu wa chuma chakavu, paneli zikapanda juu ya nyumba, mjomba akarudi kwenye mkokoteni. Mota aliichukua babu badala ya deni la ufundi, baada ya mabishano ambayo nusura yafike baraza la kata.

Desemba 2019 treni ya abiria ilipoanza tena kwenda Moshi nilikuwa likizo. Tulimkuta babu stesheni, amevaa koti. Watu walichungulia madirishani kuona viti, yeye akainama na fimbo yake kutafuta dainamo chini ya behewa. "Shikamoo babu," kijana mmoja mwenye sare alimwambia, "ondoka relini." Babu akaitikia marahaba na hapo hapo akamwuliza taa hizi zinachajiwa na nini. Kijana akajibu, jibu halikumridhisha, wakabishana mpaka filimbi ikapigwa. Suala lilikuwa bado halijaisha, kwa hiyo akakata tiketi akapanda.