Kikonyo Kimoja

Kwetu Shinyanga mmea huulizwa swali moja tu: unaliwa au unauzwa? Pamba inauzwa, mtama unaliwa, mgunga unatoa kuni na kivuli cha mifugo. Usioweza kujibu swali hilo huitwa majani. Ndiyo maana okidi iliyoning'inia barazani kwangu kwa miaka mitatu bila kutoa hata ua moja ilikuwa mzaha wa mtaa mzima. Wageni waliuliza kama ni dawa. Nilipojibu kwamba si dawa, walinitazama kwa huruma.

Ilitoka upande wa Geita. Mpwa wangu ni mchimbaji mdogo wa dhahabu, na kazi hiyo inategemea miti kuliko watu wengi wanavyodhani. Duara likishuka chini, kuta zake hushikiliwa na magogo yanayoitwa matimba. Bila matimba udongo huporomoka na kuzika watu. Kwa hiyo kila duara linapoongezeka kina, msitu nao hupungua. Siku moja, katika lundo la magogo yaliyokwisha kukatwa, aliona tawi lililobeba kichaka cha mabua yanayofanana na miwa myembamba. Akakata kipande chenye mmea huo, akaniletea. "Shikamoo mjomba," alisema. "Mti wake umeshakatwa. Itazame wewe."

Wataalamu huiita Ansellia africana. Jina hilo lilitolewa na John Lindley mwaka 1844 kwa kumkumbuka John Ansell, mtunza bustani Mwingereza aliyeikuta katika kisiwa cha Fernando Po, ambacho siku hizi huitwa Bioko. Waingereza huifananisha na chui, kwa kuwa maua yake ya manjano yana madoa ya kahawia. Inakaa juu ya mti kama mpangaji, si kama kupe: haimnyonyi mwenyeji wake. Mizizi yake mingine husimama wima kama sindano nyeupe, ikifanya kikapu cha kunasa majani makavu yanayoanguka. Majani hayo yakioza huwa chakula chake. Anayekisafisha kikapu hicho ili kipendeze huwa ameinyang'anya sahani.

Nilijiwekea ahadi. Ikichanua, nitajua ina nguvu ya kutosha kurudishwa mtini. Isipochanua, itabaki barazani hadi mwisho wake. Tena kuna jambo kubwa kuliko kupendeza. Mbegu za okidi ni laini kama vumbi, nazo hazina akiba ya chakula. Huota pale tu zinapokutana na kuvu wa kuzisaidia. Mmea usiotoa maua hautoi mbegu, na ule mti wa Geita haupo tena.

Kinachouamsha mmea huu kutoa maua ni kiangazi chenyewe. Kuanzia Juni nilipunguza maji sana, nikauacha kwenye mwanga mwingi wa upande wa mashariki, nao ukapata baridi ya usiku ya miezi hiyo. Majirani waliona namtesa kiumbe. Mwezi Agosti, katika ncha ya bua moja, kikatokea kitu chembamba kama penseli. Hapo mtu asifurahi kabla ya kutazama kimetokea wapi. Kinachochipuka chini, penye mizizi, ni bua jipya. Kinachotoka huko juu ndicho kikonyo cha maua.

Basi ushauri ukaanza kumiminika. Mmoja alileta mbolea ya mahindi. Mwingine alitaka niugeuze utazame mlangoni, wageni wauone. Niliwashukuru wote, nikakataa. Kikonyo hukua kikifuata mwanga. Ukikigeuza kila siku, kinapinda na maua yanakosa mwelekeo. Mbolea nyingi wakati huo huunguza mizizi. Niliyoyafanya ni machache: maji kidogo asubuhi ili mizizi ikauke kabla ya usiku, kijiti cha kukiegemeza kikonyo kilichofungwa kwa uzi laini usiobana, na kitambaa chenye maji ya sabuni kidogo cha kufutia vidukari, maana huwapenda machipukizi wachanga.

Kazi kubwa zaidi ilikuwa jikoni. Mwaka 1901 Dimitry Neljubow, mtaalamu wa mimea wa Urusi, alionyesha kwamba gesi iitwayo ethilini, iliyokuwamo katika gesi ya taa za wakati ule, huvuruga ukuaji wa mimea. Gesi hiyo hiyo hutoka katika matunda yanayoiva na katika moshi, nayo hufanya vitumba vya okidi vinyauke na kudondoka kabla ya kufunguka. Mama watoto alikubali kuhamishia jiko la mkaa nyuma ya nyumba, na mkungu wa ndizi mbivu ukaondoka barazani. Aliniambia hajawahi kuona ua lenye masharti kama mkwe.

Hata hivyo, masharti hayo karibu yote ni ya kuacha, na jambo hili Wasukuma walikuwa wakilijua. Ngitili ni eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza, lisiguswe na mifugo hadi kiangazi. Nchi hii ilifyekwa miti mingi enzi za ukoloni ili kupambana na mbung'o, kisha mashamba na kuni vikamaliza kazi. Mradi wa HASHI ulipoanza mwaka 1986, ulikuta kwamba visiki na mizizi iliyo ardhini huweza kurudisha msitu wenyewe, mradi pawe na mtu wa kulinda. Mlinzi huyo halali. Anazuia mengi ili jambo moja litokee.

Katika wiki ya saba maua yakafunguka. Vitumba viwili vilidondoka kwa upepo. Kumi na tisa vikabaki, vikawa manjano yenye madoa, na harufu nyepesi jioni. Mpwa wangu alifika Jumapili, mikono ingali na udongo mwekundu. Aliyahesabu kwa kidole bila kuyagusa, kisha akauliza yatauzwa kwa bei gani. Nikamwambia hayauzwi. Hakucheka.

Kabla ya mvua za Novemba tutaifunga okidi hii kwa kamba ya katani kwenye mti mkubwa katika ngitili ya ukoo. Yeye ndiye atakayepanda juu. Amekata miti mingi kwa ajili ya duara, na kuna mmoja anaotaka kuupa kitu.