Habari za Aliye Mbali: Safari ya Mongbwalu

Kutoka Bunia hadi Mongbwalu ni mwendo wa kilometa 80 hivi, upande wa kaskazini-magharibi, katika nchi ya Djugu. Mtu akisikia hesabu hiyo aweza kudhani kwamba ni safari ya asubuhi moja tu. Lakini njia ya huku haipimwi kwa kilometa. Hupimwa kwa mvua, kwa matope, kwa malori yaliyokwama mlimani. Na tangu mwisho wa mwaka 2017, machafuko yalipoanza tena katika nchi ya Djugu, hupimwa pia kwa habari za usalama. Leo gari lafika kabla ya jua kutua. Kesho lalala njiani, na abiria wake pamoja nalo.

Kwa hiyo yeyote apandaye lori au pikipiki pale Bunia huagwa kwa maneno yale yale. Mama humshika mwanawe mkono na kumwambia, "Ukifika, utupigie, baba." Naye kijana hujibu, "Ndiyo, mama, nitapiga," kisha gari laondoka. Ni ahadi ndogo, tena kila mtu huitoa bila kufikiri. Juma hili, wasomaji wetu wapenzi, twapenda kuitazama ahadi hiyo: kwa nini ni vigumu kuitimiza, na kwa nini yapasa itimizwe.

Mji wa watu wanaongojewa

Mongbwalu umekaa kati ya vilima vya kijani, na dhahabu ndiyo iliyouzaa. Mwaka 1903 Waaustralia wawili, Hannan na O'Brien, waliokuwa wakitafuta madini, waliona dhahabu katika kijito cha Agola, karibu na Kilo. Tangu siku hizo jina la Kilo-Moto likavuma mbali. Wazungu walileta mitambo, wakachimba mashimo marefu chini ya ardhi, wakajenga nyumba za wafanyakazi safu kwa safu. Mwaka 1966 machimbo hayo yakawekwa chini ya shirika la serikali.

Siku hizi wachimbaji wengi mno hutumia mikono yao wenyewe. Vyombo vyao ni sululu, beleshi na karai. Mtu hushinda majini, mgongo umepinda, akiosha mchanga tangu asubuhi. Na jioni huenda ana chembe chache za kupeleka kwa mnunuzi, au huenda hana kitu. Wapo Wanyali, wenyeji wa Kilo tangu zamani, wapo Walendu na Wahema, wapo Waalur, Walugbara na Wanande waliotoka Butembo na Beni kufanya biashara. Wengi wao wameacha nyumba mahali pengine: mke, watoto, au mzazi aliyezeeka. Ndiyo maana twauita Mongbwalu mji wa watu wanaongojewa.

Zamani aliyengojewa alituma barua kwa mkono wa dereva, nayo barua ilifika au haikufika. Baadaye palikuwa na simu ya upepo, ambayo watu wa Ituri waliiita "foni": ulikwenda penye chombo, ukangoja zamu yako, ukapaza sauti mbele ya watu wote, na mambo ya nyumba yako yakasikiwa na kila aliyekuwapo. Palikuwa pia na matangazo ya redio, kama Radio Candip ya Bunia, yaliyowaita watu kwa majina yao wakajue msiba au harusi.

Kisha vita vikaja. Kati ya 2002 na 2004 mji wa Mongbwalu ulitekwa mara kadhaa na vikundi vilivyopigana. Watu walikimbilia msituni, wengine Bunia, wengine ng'ambo ya Ziwa Albert hadi Uganda. Simu za mkononi zilikuwa ndiyo kwanza zaanza kuenea Kongo. Celtel ilianza mwaka 2000 na Vodacom mwaka 2002. Wengi hawakuwa nazo. Walikuwapo waliongoja miezi mingi wasijue kama ndugu yao yu hai. Aliyeonja kungoja kwa namna hiyo hawezi kuiona simu kuwa mchezo wa vijana.

Njia ikifa, simu huugua

Yafaa tujue jinsi chombo hiki kifanyavyo kazi. Simu ya mkononi haizungumzi moja kwa moja na simu ya mtu mwingine. Huzungumza na mnara, na mnara huipokeza sauti hiyo kwa minara mingine. Penye tambarare mnara waweza kufikia simu iliyo mbali hata kilometa 35. Lakini penye vilima, kama Mongbwalu, mlima mmoja watosha kuziba njia. Mchimbaji aliye bondeni aweza kuuona mji kwa fikira, asiupate kwa simu. Basi watu hujua mahali pao: ukingo fulani wa kilima, au chini ya mti fulani, ambapo "rezo" hushika. Ndivyo wasemavyo huku, kwa neno waliloazima katika Kifaransa. Jioni utawaona wamesimama pale mmoja mmoja, kila mtu amegeukia upande wake, kama watu wanaosikiliza ndege.

Tena mnara hula. Hutaka umeme usiku na mchana, na pasipo nyaya za umeme hutegemea mashine ya dizeli au miale ya jua. Mvua ikiharibu njia, dizeli huchelewa, na mnara hunyamaza. Njia ikifa, simu huugua. Na simu yenyewe hula pia. Mchimbaji asiye na umeme hupeleka simu yake kwa mwenye kibanda cha kuchaji, hulipa kidogo, kisha hununua yuniti za kupigia na mega za intaneti. Siku asipopata dhahabu, huchagua kati ya mega na unga. Sisi tuliobaki nyumbani, tukisikia sauti ya mashine ikisema kwamba mtu huyo hapatikani, tusifanye haraka kumhukumu.

Hata melini shida ni hiyo hiyo

Pengine msomaji atasema, "Haya ni mambo ya maskini." Sivyo. Wako watalii wenye fedha ambao hulipa wapate kukaa majuma mawili katika meli kubwa ya starehe, nyingine za namna hiyo hutia nanga hata Mombasa na Zanzibar. Nao huuliza swali lile lile la mchimbaji: nitapataje habari za nyumbani? Maana katikati ya bahari hakuna mnara hata mmoja.

Meli hizo hutumia setilaiti, yaani vyombo vilivyorushwa juu kuizunguka dunia. Zile za zamani hukaa juu yetu kama kilometa 36,000. Swali likipanda huko na kushuka, kisha jibu likipanda na kushuka, karibu nusu sekunde imekwisha, na bei yake ilikuwa ya kutisha. Siku hizi ziko setilaiti nyingi ndogo zipitazo chini zaidi, kama kilometa 550, na intaneti yake ni nyepesi. Mwaka 2022 kampuni ya meli za starehe ya Royal Caribbean ilitangaza kwamba itaweka katika meli zake sahani za namna hiyo, zile za Starlink. Kongo ilizikataza sahani hizo mwaka 2024, kisha mwaka 2025 ikatoa ruhusa. Kwa hiyo chombo kilichowekwa kwa ajili ya watu wanaostarehe baharini chaweza pia kusimama juu ya bati, katika kilima kisichofikiwa na mnara.

Msafiri wa meli huonywa jambo moja: azime mtandao wa simu yake, kwa kuwa simu yaweza kujishikiza yenyewe kwenye mnara mdogo wa meli, na hesabu atakayoletewa akirudi itamtoa jasho. Watu wa Ituri hawana budi kulisikia onyo hilo pia. Avukaye Ziwa Albert kutoka Kasenyi kwenda Ntoroko, au aendaye Aru na Mahagi mpakani, simu yake yaweza kushika mtandao wa Uganda naye hana habari, na salio likapungua. Atazame kwanza jina lililoandikwa kwenye kioo cha simu, ndipo apige.

Lakini liko jambo jingine la melini ambalo twaliona kuwa kubwa zaidi. Kabla meli haijang'oa nanga, ratiba yake imekwisha andikwa: siku hii bandari hii, siku ile bandari ile. Walio nyumbani waijua. Mtalii akinyamaza siku tatu, mkewe hasemi kwamba amekufa, atasema, "Wako baharini, Alhamisi watafika bandarini." Kumbe kinachoituliza nyumba hiyo si sahani tu. Ni mapatano yaliyofanywa kabla ya safari.

Kimya kinachovunja nyumba

Mchimbaji wetu hana ratiba. Huondoka na kusema, "Nitapiga." Majuma ya kwanza hupiga. Kisha dhahabu yakosekana, naye aona haya. Hujiambia, "Nitapiga nikipata." Juma lageuka mwezi, mwezi wageuka msimu. Huko Bunia mtoto amefukuzwa shule kwa ajili ya ada. Shamba limeuzwa na shemeji. Binti amechumbiwa, na baba yake hakuulizwa. Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Siku atakaporudi, ataikuta nyumba iliyojifunza kuishi bila yeye.

Tusimlaumu peke yake. Ziko nyumba ambazo hazimpigii mtu aliye mbali ila kwa kuomba. Simu ikilia, anajua kwamba ni ada, au ni kodi, au ni deni la dukani. Hakuna amwulizaye kama mgongo wamuuma, au kama analala pakavu. Baada ya muda huiogopa sauti ya simu, akaizima. Hapo mtandao haukukatika. Waliokatika ni watu.

Na penye kimya uvumi hupata nafasi. Mashimo ya dhahabu huporomoka kweli, na watu hufa; jambo hilo si hadithi. Basi yatosha mtu mmoja kutuma picha ya shimo lililoanguka, labda la nchi nyingine kabisa, na kabla ya jioni mama mmoja huko Bunia analia matanga ya mtu aliye hai.

Mapatano kabla ya safari

Tufanyeje basi? Mlima hatuuhamishi, wala bei ya mega hatuipunguzi. Lakini mapatano ni mali yetu, wala hayanunuliwi.

Kwanza, mume na mke, au mzazi na mwana, wachague siku na saa: kwa mfano Jumapili jioni, wakati mtu apumzikapo na kuweza kupanda kilimani. Simu iwe na chaji siku hiyo, kama vile sufuria iwavyo na maji.

Pili, wasidharau ujumbe mfupi wa maandishi. Penye rezo hafifu, sauti yaweza kushindwa na maandishi yakapita. Tena simu ya mpokeaji ikiwa imezimwa, ujumbe huo kwa kawaida huwekwa na kampuni, ukamfikia awashapo.

Tatu, wasitegemee intaneti peke yake. Kuanzia tarehe 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, intaneti na ujumbe mfupi vilifungwa nchini Kongo karibu majuma matatu. Wenye namba za kupiga kwa sauti waliendelea kusikilizana. Namba hizo ziandikwe katika karatasi pia, pamoja na namba ya mtu wa pili huko huko Mongbwalu, jirani au mwenye kibanda, wa kuulizwa yule wa kwanza asipopatikana.

Nne, wapatane juu ya maana ya kimya. Siku tatu si msiba. Majuma mawili, mtu wa pili aulizwe. Na habari yoyote ya kifo isipokewe wala kupelekwa mbele mpaka yule wa pili ameulizwa.

Tano, fedha kidogo ikipatikana, itumwe kidogo kidogo. Huduma ya M-Pesa ya kutuma fedha kwa simu ilianza Kongo mwaka 2012, na mwenye kutumia njia hiyo hana haja ya kubeba kila kitu mfukoni katika njia yenye hatari. Na siku ambayo hakuna fedha, simu ipigwe vile vile, na walio nyumbani wapokee kwa furaha ile ile, wakianza kwa kumwuliza hali yake.

Twajua kwamba vijana wataendelea kwenda Mongbwalu. Wengine watapata, na wengi watarudi kama walivyokwenda. Tusiwadai habari za dhahabu. Tuwadai habari zao wenyewe: "Niko mzima, mama. Bado sijapata." Maneno hayo yatosha kumlaza mama usingizi, wala hayahitaji mega hata moja.