Mabingobingo magumu

Baba mmoja aliyekimbia Masisi amebakia na ng'ombe mmoja. Anamkatia mabingobingo kando ya barabara, yaliyokomaa, mashina magumu kama kuni. Ng'ombe anatafuna mchana kutwa, maziwa hayaongezeki.

Kinachofanya shina liwe gumu kinaitwa lignini. Inashikamana na nyuzi za majani, na tumbo la ng'ombe haliwezi kuivunja. Marekani, mwaka 2014, serikali iliruhusu alfalfa ambayo wanasayansi walipunguza nguvu ya jeni moja inayosaidia kutengeneza lignini. Mfugaji anaweza kuchelewa kuvuna siku kadhaa, na majani bado ni laini.

Huyu baba yeye ana panga tu. Anajua mabingobingo yakikatwa machanga, ng'ombe anashiba. Lakini machanga yako kule shambani kwake, na njia ya kule bado haijafunguka.