TIBA MBADALA, SEHEMU YA 3: UKIENDA KUMWONA TABIBU, UTARAJIE NINI?

Tangu niweke sehemu ya 2, swali linalojirudia inboksi ni hili: "Nesi, nimeambiwa kuna kituo wanatibu mwili mzima, siyo ugonjwa mmoja mmoja. Niende? Nikifika watanifanyaje?"

Sitakwambia usiende. Najua wengi mnaenda, na wengine mnapita huko kwanza ndo mnakuja kwetu. Basi bora uende ukijua. Kaa vizuri, leo ni ndefu kidogo.

KABLA HUJATOKA NYUMBANI

Hapa Tanzania tiba asili na tiba mbadala ina sheria yake ya mwaka 2002, na lipo Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala linalosajili watoa huduma. Pale Muhimbili utafiti wa dawa za mitishamba ulianza mwaka 1974, na leo ni taasisi kamili ndani ya MUHAS. Yaani siyo mambo ya kificho. Kwa hiyo ukifika kituoni omba kuona cheti cha usajili, na usione aibu. Leseni ya biashara siyo cheti cha tabibu. Hata duka la vipodozi lina leseni ya biashara. Ukiwa na wasiwasi, ulizia ofisi ya mganga mkuu wa wilaya.

Beba vitu vitatu: dawa zote unazomeza (zije zenyewe na maboksi yake, siyo "vile vidonge vyeupe vidogo"), majibu ya vipimo vya karibuni, na daftari lako la kliniki.

UTAULIZWA SANA

Tabibu mzuri hataanza na dawa, ataanza na maswali. Unalala saa ngapi? Choo unapata kila siku? Unakula nini asubuhi? Siku zako zinakujaje? Ndoa ikoje? Kazini kuna amani? Nani kwenu alikuwa na presha, nani alikuwa na sukari? Unaweza kukaa nusu saa, hata saa nzima, na hajakugusa.

Hapa niseme ukweli. Hii ndo sababu kubwa watu wanawapenda. Kwetu OPD foleni inaanza alfajiri, daktari mmoja ana watu wengi nje ya mlango, unaingia, unasema, unaandikiwa, unatoka. Mtu aliyepoteza mume mwezi uliopita anaondoka na dawa ya vidonda vya tumbo na hakuna aliyemuuliza habari za nyumbani. Akikaa mbele ya mtu anayemsikiliza saa nzima, anatoka akiwa mwepesi kabla hajanywa chochote. Nafuu hiyo ni ya kweli. Ila kumbuka, kusikilizwa hakushushi sukari iliyofika 20.

ATAKAVYOKUPIMA

Anaweza kukupima presha, kukushika mapigo ya mkono, kuangalia ulimi na macho, kukubonyeza tumbo na mgongo. Wanaofuata tiba ya Kichina wanaangalia sana ulimi na mapigo. Hayo hayana madhara.

Shida inaanzia kwenye ile mashine ya kushika kijichuma mkononi kwa dakika moja, kompyuta inatoa kurasa kibao: ini limechoka, figo asilimia kadhaa, mafuta mengi, sumu mwilini, kizazi kina shida. Mpendwa, kujua sukari lazima damu itoke. Kujua figo na ini ni damu au mkojo uende maabara. Kizazi kinaonekana kwa ultrasound. Kijichuma cha mkononi hakiwezi kujua hayo. Na ukiona majibu yametoka, halafu chumba hichohicho wana maboksi ya dawa kwa kila ugonjwa uliotajwa, kwa bei ya laki kadhaa, elewa kwamba hapo umepimwa mfuko.

UTAKACHOANDIKIWA

Kwa tabibu makini, nusu ya ushauri ni mambo ambayo hata sisi tunayahubiri: punguza chumvi, punguza wanga, tembea, lala mapema, acha sigara. Fuata. Hayo yanasaidia kweli.

Kuna wanaofanya hijama, au kuumika kama wazee wa pwani wanavyoita, na kuna wa sindano za Kichina. Wembe na sindano vifunguliwe vipya mbele ya macho yako, maana homa ya ini na VVU vinapita kwenye damu. Na kama unatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, usichanjwe.

Halafu zinakuja dawa zenyewe. Hapa naomba usiruke mstari.

Tuliwahi kumpokea mama mmoja wa makamo, ameletwa hajitambui, jasho linamtiririka, nguo zimelowa. Mgonjwa wa sukari, anatumia glibenklamidi kwa miaka. Kupima, sukari 1.9. Tukampa glukosi ya mshipa, akafumbua macho, akaongea. Baada ya saa mbili ikashuka tena. Tukampa tena. Usiku ikashuka mara ya tatu. Tunauliza ndugu: amekula? Amekula. Amezidisha vidonge? Hapana, nawahesabu mwenyewe kila asubuhi. Ndipo binti yake akafungua mkoba taratibu, akatoa chupa ya unga wa kijani. Unga wa majani ya mlonge na vingine visivyoandikwa, vijiko viwili asubuhi na jioni, wiki ya pili sasa. Mlonge unaweza kushusha sukari, na glibenklamidi inashusha na inakaa mwilini muda mrefu. Vikashusha vyote pamoja.

Nikamuuliza yule binti kwa upole, mbona hukusema toka mwanzo? Akanijibu, "Mama alisema tukisema mtatufokea."

Yule mama alipona. Lakini angalia: vidonge vyake alimeza sawasawa. Tabibu alimpa mlonge, ambao watu wengi wanakula kama mboga. Sisi tulimpa glukosi. Hakuna aliyejua mwenzake anafanya nini, na yeye peke yake ndo alikuwa anajua vyote. Ndo maana nasema hatari kubwa ya tiba hizi ni SIRI. Kule hawaambiwi ya kwetu, na kwetu hatuambiwi ya kule.

Na siyo mlonge tu. Juisi ya alovera ikikuharisha inaondoa madini ya potasiamu, wakati baadhi ya dawa za moyo na za kukojosha zinahitaji potasiamu iwe sawa. Vitunguu swaumu na tangawizi vya kwenye vidonge, siyo vya kwenye mchuzi, vinaweza kuongeza kutokwa damu kwa anayetumia warfarini. Na zile za nguvu za kiume zilizoandikwa "asili tupu", mamlaka za dawa katika nchi mbalimbali zimeshazikuta zimechanganywa na sildenafili kimyakimya. Mwenye dawa ya nitrati ya moyo akimeza hiyo, presha inaweza kuporomoka akafa.

Kwa hiyo kabla hujalipa, uliza: dawa hii ni ya mmea gani? Imesajiliwa? Nitumie kwa muda gani? Itagombana na hizi nilizobeba? Nikiona dalili gani niache? Anayejua kazi yake atajibu.

INUKA UONDOKE UKISIKIA HAYA

1. "Acha ARV, acha insulini, acha dawa za TB, acha za presha, tumia hii tu." Wa kutegemea insulini anaweza kuzidiwa ndani ya siku moja au mbili. TB ukikatisha dawa inaweza kurudi ikiwa sugu.
2. "Hii inatibu kila kitu."
3. "Hospitali usiwaambie."
4. Hataki kutaja kilichomo kwenye chupa.

Na kuna siku siyo ya tabibu kabisa: kifua kinabana, mdomo umepinda ghafla au mkono umelegea, mtoto anadegedeka, mjamzito anatoka damu. Hapo ni hospitali moja kwa moja, hata kama ni usiku wa manane.

UKIRUDI KWETU

Tumia daftari moja. Tabibu aandike humo alichokupa, au andika mwenyewe, au piga picha chupa na simu. Ukikaa kwa nesi sema hivi: "Na pia natumia dawa ya asili, hii hapa." Basi. Ukikutana na nesi wa kukufokea, mwache amalize, halafu mwonyeshe chupa hivyohivyo. Kufokewa kunapita dakika mbili.

Na wenzangu wa kada ya afya mnaosoma hapa: tuulize kila mgonjwa, na tuulize kwa sura ya kawaida. Tukikunja uso, chupa inabaki kwenye mkoba.

Sehemu ya 4 tutaongelea dawa za kienyeji za kuharakisha uchungu, maana wajawazito mmeuliza sana. Mtumie ndugu yako mwenye sukari au presha hii ya leo, hasa yule anayekwambia "ni majani tu, hayana shida." Usiku mwema, mimi naingia zamu.